Kadi ya Tokarev

Kittanning, Pennsylvania
12 Novemba 2019

Kaka yangu Emmett,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Rosalba na watoto, na kwamba joto la huko Tucson limepungua. Sisi hatujambo. Baridi imeingia mapema mwaka huu. Baba ametimiza miaka themanini na mmoja; magoti yanamsumbua, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Najua utashangaa kupata barua badala ya simu. Kwenye simu ningepata upenyo wa kukimbia.

Baba bado anazo bastola zake za Kirusi, zote kumi na nne. Bado anasema alikaa miaka miwili jeshini Ujerumani akisikiliza redio za Warusi bila kuwaona, kwa hiyo ana haki ya kujua walivaa nini kiunoni. Kila moja ina kisanduku chake na kadi yake: kiwanda, mwaka, namba, na yote yaliyoipata tangu ifike kwake. Na bado hataki kitu king'arishwe. Mwezi uliopita Gus, jirani yetu, alileta bastola yake ya Makarov aliyoipaka rangi mpya nyeusi. Baba aliigeuzageuza, akamuuliza, "Gus, hii ni bastola au bwana harusi?" Gus akamjibu kwamba angalau yake inatazamika, kuliko sura ya mwenye nyumba. Walicheka mpaka Baba akapaliwa.

Jumamosi tulikwenda kulenga shabaha nyuma ya ghala la Gus. Baba alipiga kwa bastola yake ya Nagant akiwa amekaa kitini, na risasi tano kati ya saba zikaingia kwenye duara. Kabla ya kutoka alikuwa ameshajaza birika na kuliweka tayari jikoni, kama kawaida. Sheria yake unaijua: fataki za risasi hizi za zamani huacha chumvi ya kuleta kutu ndani ya mtutu, mafuta hayaiondoi, ni maji ya moto tu, na ni siku ileile. Tuliporudi tukaosha, tukakausha, tukapaka mafuta, ndipo tukala.

Baada ya chakula alinionyesha kopo la mwisho la risasi hizo, halijakatwa mfuniko. Nikamwambia tulifungue Krismasi. Akakataa, akasema hilo ni lako. "Emmett atakuja siku moja. Tutapiga naye, na safari hii nitasimama pale kwenye sinki nimwone anaosha." Akalirudisha kabatini taratibu, kwa mikono miwili.

Kaka, unaikumbuka Tokarev ya mwaka 1951, ile aliyoipenda kuliko zote. Oktoba 2008 ulipiga nayo Jumapili moja, ukaiosha. Wiki tatu baadaye Baba alichungulia mtutu akakuta umeliwa na kutu. Alikuita mzembe mbele ya Gus na wenzake wote. Ukamwambia umeosha. Akasema mtutu haujui kusema uongo. Ulichukua koti lako, na tangu siku hiyo hujakanyaga kizingiti hiki. Hata tulipomzika Mama ulisimama makaburini, ukaondoka.

Ni mimi. Jumatano, siku tatu baada ya wewe kuiosha, Baba alipokwenda kwa daktari wa meno, niliichukua bila ruhusa nikapiga risasi nane nyuma ya banda. Niliogopa angerudi akakuta birika lina moto. Nikaifuta kwa mafuta tu ikang'aa, nikairudisha kisandukuni. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili, si mtoto. Siku aliyokugombeza nilinyamaza kwa woga. Baada ya hapo nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimeshanyamaza. Naona aibu, kaka, na sina neno zuri la kuifunika.

Jana nilimwambia Baba. Hakupandisha sauti. Alikwenda jikoni akabandika birika, ingawa hakuna aliyekuwa amepiga risasi, akasimama akilitazama mpaka likachemka. Kisha akaileta kadi ya Tokarev. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono wake: "Mtutu umeharibiwa na Emmett. Hakuosha." Nikamwomba aichane aandike nyingine. Akaniuliza kama miaka yote hii nimeishi naye bure. Kilichoipata bastola hakifutwi. Akachukua penseli, akaongeza mistari miwili chini yake, polepole.

Kadi yenyewe nimeiweka ndani ya bahasha hii, kwa amri yake. Ameniambia nikuandikie usiirudishe kwa posta, posta hupoteza vitu. Tokarev iko kisandukuni bila kadi, nawe unajua hawezi kuvumilia hali hiyo. Tangu asubuhi ameniuliza mara mbili kutoka Tucson hadi hapa ni mwendo wa siku ngapi kwa gari.

Msalimie sana shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba ya ami yao wasiyemjua. Gus naye anakusalimu. Sikuombi unisamehe kwa barua. Ukija, nitabandika birika mimi.

Mdogo wako,
Lyle

Nimeona mwandiko wa Baba hausomeki vizuri siku hizi, kwa hiyo nakunakilia mistari yake: "Lyle ndiye ambaye hakuosha. Emmett aliosha, akaniambia, nikauamini mtutu."