Ndoo ya Wifi Ripeka

Bluff, mwezi wa Julai

Wifi yangu Ripeka,

Pokea salamu zangu kabla ya mengine yote. Nataraji kifua kimetulia, na kwamba hatimaye wauguzi wamekuruhusu kukaa dirishani. Rawiri ameniambia umeanza kuwagombeza, nikamwambia, alhamdulillahi ya wenzetu, basi mama yako anapona. Mimi sijambo. Nakula, nalala, naamka. Kila anayeniuliza namjibu hivyo na wala si uongo, ila sisikii kitu. Juzi nilijimwagia chai ya moto mkononi, nikabaki naiangalia inavyotiririka mpaka chini.

Barua yako imenifika. Umeniambia nisiwe na wasiwasi, mwakani niingie kisiwani kukamata ndege kwa jina lako, nikae kibanda kilekile. Nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Sijakujibu, na ndoo yako ya ndege wa chumvi bado iko stooni kwangu, ingawa umemtuma Rawiri aifuate mara mbili. Mara ya kwanza nilimwambia ufunguo wa stoo umepotea. Mara ya pili nilizima taa nikajifanya sipo. Mwanao usimlaumu, kosa si lake. Soma hadi mwisho, halafu amri ni yako.

Msimu huu hukuwepo, kwa hiyo nianzie mwanzo. Tulifika, tukaziba paa, tukafukuza panya wa mawazo, yaani shida za mjini, kama kaka yako Teone alivyozoea kusema, na siku ya kwanza ya kazi akalala kifudifudi, mkono ndani ya shimo la ndege hadi begani. Akatoa kinda, akalipima kiganjani, akalirudisha. La pili hivyohivyo. Akasema mwaka huu makinda yamechelewa kutotolewa, na chakula baharini kilikuwa haba, lakini wazazi hawatangoja. Siku yao ya kwenda kaskazini ikifika wataondoka, kinda limeshiba lisishibe. Rawiri akasema basi ndege hawa hawana huruma. Teone akamwambia huruma wanayo, ila safari wanayo pia.

Na kweli waliondoka. Usiku mmoja anga lilikuwa limejaa kelele zao, uliofuata kimya. Tukabaki na makinda kwenye mashimo, yanafunga bila kupenda, yanapungua, manyoya ya utoto yanadondoka. Ndipo tukaanza kusubiri yatoke nje tuyakamate kwa tochi. Unajua mwenyewe, hayatoki ila kwenye giza, upepo na mvua. Sisi tukaletewa mbalamwezi. Bahari shwari, anga safi, kila usiku tunavaa makoti, tunarudi na ndege wawili watatu. Kararaina wa kibanda cha pili alikuwa akipiga kelele kutoka mlangoni kwake: “We Teone! Waambie wanao shule imefunguliwa, watoke!” Na kaka yako anamjibu: “Mwenye haraka akafuge kuku!” Tukacheka. Baadaye tukaacha kucheka, maana ndoo zilikuwa tupu na siku ya kurudishwa nyumbani inakaribia. Kila mmoja ana bibi anayengoja, ana harusi, ana meza ya kujaza. Nawe ulikuwa umetuma neno kwamba unataka ndoo moja kabla ya kupasuliwa, hata kama ni ya kunusa tu. Teone alilichukua neno hilo kama kiapo. Alikuwa akishika kifua kila akipanda mlima, nami nikimuuliza ananiambia ni kiungulia, niache kumchunguza kama daktari wa ng’ombe.

Halafu upepo ukageuka. Mchana mzima mawingu yalijaa kutoka kusini, na jioni mvua ikaanza kupiga bati. Teone alisugua mikono, akanywa supu, akaniambia, “Leo, Elspeth. Leo watatoka hata walio uchi.” Unajua matokeo yake. Kisiwa kizima kilifanya kazi mpaka alfajiri, makinda yametapakaa kila mahali, watu wanakanyagana, na ndoo za kila familia zikapata cha kujaa. Asubuhi nikatoka kuwaambia kwamba mume wangu amefariki. Walimkuta kitini, kiatu kimoja mguuni, kingine sakafuni. Wakasema maskini, amerudi kazini amechoka, moyo ukasimama akiwa anavua viatu.

Kisiwa kikafungwa saa ileile kama inavyopasa, kwa kuwa kifo na chakula havikai mahali pamoja. Hakuna aliyetia tena mkono shimoni. Mzee Hoani, mkubwa wetu kisiwani, akasali, akaamua kwamba ndege wa usiku ule walikamatwa kisiwa kikiwa bado safi, basi wasitupwe, warudi nasi kwa heshima ya marehemu. Wakatiwa chumvi wakaja. Mazishini ndege hao walijaa mezani. Kila mtu alikula, Kararaina alikula huku analia, na watu wakasema hayo ndiyo mauti ya mwanamume, kazi imeisha na ndoo zimejaa. Wewe peke yako hukula. Ulikuwa hospitalini na mpira puani.

Hakuwa anavua, wifi. Alikuwa anavaa.

Alifunga kamba za kiatu cha kwanza, akainuka kidogo kama anayetaka kuniambia kitu, akarudi kitini. Nilimshika. Nilijua papo hapo. Hakuna tochi iliyokuwa imewashwa bado. Rawiri akagonga mlango kumwita mjomba wake, nami nikasimama mlangoni nikamwambia mjomba amechoka, atangulie, atamfuata. Nikamfunika Teone blanketi mpaka kidevuni. Nikachukua tochi yake nikatoka. Asubuhi kiatu chake kilikuwa kikavu, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Hakuna aliyeangalia, watu walikuwa wanalia.

Ningeweza kukuambia aliniomba, na ungeniamini, maana ni neno linalofanana naye. Hakuniomba. Ningeweza kukuambia nilifanya kwa ajili ya ndoo za watu, au kwa ajili ya ndoo yako. Nililiwaza hilo pia. Lakini ukweli ni huu. Kisiwa ni cha wenye damu. Mimi wa kuolewa niliingia kwa mgongo wake miaka yote hiyo, mtoto hatukujaliwa, na nilijua kwamba nikisema tu “amekufa”, nimekuwa mgeni kabla sijafunga mdomo. Nikataka usiku mmoja zaidi. Ule tuliokuwa tukiungoja.

Nikaupata. Nilikamata makinda kwenye eneo lake, peke yangu, mvua inanipiga usoni, na Mungu anisamehe, wifi, nilifurahi. Sijawahi kufanya kazi vizuri kama usiku ule. Kararaina alipita akanitania, “Mumeo amekuachia shamba leo!” Nikacheka. Tangu kicheko kile sijacheka wala kulia, hata kaburini. Watu wanasema Elspeth ni jasiri.

Nimewalisha watu wote kilichokamatwa juu ya maiti, tena mezani pa marehemu mwenyewe. Ndege hao siwezi kuwatoa matumboni mwa watu. Ndoo yako ninaweza kuizuia, nayo haijafunguliwa. Ukisema izikwe, nitachimba mwenyewe. Ukisema Mzee Hoani aambiwe, nitakwenda kwa miguu yangu nimwambie mbele ya watu. Na ruhusa uliyonipa nakurudishia humu ndani, karatasi ileile, kwa kuwa ulimpa mtu usiyemjua. Ndege wanarudi Septemba kutoka kaskazini, kila mmoja kwenye shimo lake. Usiharakishe kunijibu kwa sababu ya hao. Nijibu utakapopata nguvu.

Nisalimie muuguzi yule mrefu anayekuchokoza. Rawiri mwambie ufunguo haujapotea. Kula, ulale, usitoke kwenye baridi.

Ni mimi wifi yako, kama bado,

Elspeth