Chini ya Stempu ya St Helena

Jumapili, Eldoret. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Nilienda kanisani na Mama, nikaimba, lakini mahubiri sikusikia hata neno.

Acha niseme ukweli, angalau hapa.

Mimi hukusanya stempu za mahali ambapo ramani ya darasani kwangu ina kitone tu. Pitcairn. Tristan da Cunha. Walimu wenzangu hunicheka kwamba sina shamba, nina visiwa. Ugonjwa huu niliambukizwa na kaka yangu Kiprop. Alitoroka nchi mwaka juzi, wanafunzi wenzake chuoni walipoanza kukamatwa. Hatukujua kama yu hai.

Alhamisi barua yake ilifika kwa sanduku la shule. Bahasha ilikuwa imefunguliwa njiani ikabandikwa tena. Stempu ni ya St Helena. Ndani, mistari mitatu: yu mzima, anafanya kazi melini, nimsalimie Mama. Mwisho akaandika, "Hiyo stempu itoe polepole, vile nilikufunza."

Nilidhani ananitania.

Alinifunza kuilaza juu ya kitambaa chenye maji hadi gundi ilegee. Mimi nilikuwa na haraka. Nilikata kona ya bahasha, nikaizamisha kwenye bakuli la maji moto, nikaenda kukamua ng'ombe wa Mama. Niliporudi stempu ilikuwa inaelea, safi kabisa, na maji yamegeuka bluu.

Chini yake alikuwa ameandika anwani. Alijua wanaofungua barua zetu hawatabandua stempu, na kwamba mimi sitaiacha. Kwenye karatasi limebaki neno moja: Box.

Naogopa kufumba macho. Huko aliko ananingoja, na nisipojibu ataamini tumemkana.

Mama hajui kusoma. Nilimwambia nimeshamjibu Kiprop, akaniamini. Leo baada ya kanisa ameniletea kifurushi cha karatasi ya kaki, amekifunga kwa kamba ya katani. Ndani kuna sweta aliyoifuma kimyakimya tangu Kiprop atoroke.

"Huko kwa maji kuna baridi," akasema. "Andika jina yake hapo juu, na mahali ako."

Jina nimeliandika, kwa herufi kubwa. Chini yake ni kaki tupu.

Anaimba jikoni. Sijamsikia akiimba kwa miaka miwili. Nimwambie leo, au nimwache aimbe hadi kesho, posta ifunguliwe?