Mtoto wa Mwisho Niliyempokea

Jumamosi usiku, Kasingirima

Na bado nayasikia majina yale. Sisi wakunga wa mkoa hatufungui kikao kabla kila mmoja hajamtaja mtoto wa mwisho aliyempokea. Leo, siku yangu ya kukabidhi uenyekiti wa tawi la chama chetu, majina yalizunguka ukumbini polepole, kama maji ya ziwa yanavyogusa mchanga alfajiri. Neema. Juma. Spesi, mkunga wa Burundi aliyekuja kwa kibali cha kutoka kambi ya wakimbizi, akataja lake, "Irakoze. Ndani ya hema, mvua ikinyesha."

Mwenyekiti husikiliza tu; leo, kwa mara ya kwanza tangu nichaguliwe, ikafika zamu yangu. Nikatafuta jina, sikulipata. Miaka yote ya uongozi nimepokea wageni na malalamiko. Mtoto, hapana.

Kilichoniudhi ni mwenyekiti mpya. "Tuendelee tu, mama yetu amepumzika." Nani kamwambia nimepumzika?

Spesi akaniinamia sikioni. "Mama, njoo kambini. Kule kila usiku wakunga hatutoshi."

Sijui kama mikono bado inakumbuka. Naogopa, kusema kweli. Dirishani ziwa linavuta pumzi, linaachia, linavuta tena, kama mzazi anayesubiri uchungu urudi...

Jumatatu napanda gari la kambini. Kucha nimeshakata.