Kutu ya Mama Lusajo

Jumamosi, katikati ya Aprili. Mvua tangu alfajiri, na ukungu umekaa juu ya migomba kama mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka mzima.

Leo nimefungua karakana.

Tangu tulipomzika mke wangu, mama Lusajo, sikuwa nimekanyaga mle ndani. Ufunguo ulikuwa pale pale kwenye msumari nyuma ya mlango wa sebuleni, na kila asubuhi nilikuwa nauangalia, halafu naenda kazini. Leo sina kazi, mvua imenifungia ndani, na nyumba imekuwa kimya mno. Nikauchukua.

Kwa anayepita kwenye ukurasa huu kwa mara ya kwanza: mimi ni karani wa mizani ya majani mabichi ya chai huko Kyimo, na muda wangu wote uliobaki natengeneza injini ndogo za mvuke. Ndogo kweli, za kukaa mezani. Ukiwasha moto chini ya boila yake, pistoni inakwenda na kurudi, gurudumu linazunguka, basi. Haisagi mahindi, haivuti maji. Majirani waliacha kuniuliza faida yake siku nyingi. Mke wangu hakuacha, lakini yeye alikuwa anauliza kwa kunitania, na jibu hakulihitaji.

Karakana yenyewe ilikuwa jiko letu la nje. Nilisakafia, nikaziba matundu ya moshi, nikaweka benchi la mbao za mlingoti na jiliwa ya kubania vyuma. Mashine ya kukereza niliinunua Mbeya ikiwa imeshatumika na watu watatu kabla yangu, ikaja juu ya shehena ya viazi. Tupa na misasa nimekusanya kidogo kidogo. Shaba natoa kwenye koki na kufuli mbovu, chuma natoa kwa watu wa vyuma chakavu. Kwa mji kama wetu, najidai kidogo.

Ila adui yangu ni mmoja, na hana huruma. Kutu.

Tukuyu chuma hakihitaji kumwagiwa maji, hewa yenyewe inatosha. Unasugua kipande mpaka unajiona sura, unakwenda kula, unarudi kimeshaanza kuwa chekundu pembeni. Kwa hiyo kila ninachomaliza nakipaka oili, nakizungushia kitambaa, nakiweka kwenye kabati la mbao ambalo ndani yake kuna balbu inayowaka usiku na mchana ili kufukuza unyevu. Swichi yake iko ukutani, nje ya kabati. Balbu ile siizimi. Hata umeme ukikatika, nakwenda kuweka jiko la mkaa humo chumbani. Mke wangu alikuwa anasema ile balbu ndiyo mke mkubwa, yeye kaolewa baadaye.

Leo nimeingia nikakuta kabati lina giza.

Nikasema imeungua. Nilikuwa nayo nyingine ndani ya nyumba, ya akiba ya chumba cha kulala, nikaifuata, nikarudi. Kabla ya kuibadilisha nikabonyeza swichi, mazoea tu. Ikawaka. Balbu nzima kabisa. Ilikuwa imezimwa.

Nilisimama na ile balbu mpya mkononi kwa muda. Karakana hii haiingii mtu. Lusajo, mwanangu, yuko Dar, alikuja msibani akaondoka. Mimi mwenyewe siizimi. Nikafungua kabati.

Kila kitu kilikuwa mahali pake. Lakini kitambaa cha gurudumu la injini yangu mpya kilikuwa kimekunjwa mara nne, kona kwa kona. Mimi sikunji vitambaa. Mimi naviringisha tu, nasukuma ndani. Nikakifungua, na hapo katikati ya uso wa gurudumu, uso niliousugua mwenyewe ukang'aa, kulikuwa na alama ya kidole gumba. Nyekundu ya kutu. Mistari yote ya kidole inaonekana, na katikati mstari mmoja ulionyooka umeikata mingine yote.

Huo mstari naujua. Alikatwa na kisu akimenya ndizi, mwaka tuliooana.

Nieleze jambo moja kuhusu mikono ya mke wangu. Kuna watu jasho lao linakula chuma. Si uchawi, ni chumvi tu, mafundi wanalijua. Mikono yangu mimi ni mikavu, nagusa chuma na hakuna linalotokea. Yeye alikuwa fundi cherehani, na sindano zake zilikuwa hazimalizi wiki bila kuwa nyekundu. Alizichomeka kwenye kipande cha sabuni ili zipone. Mkasi wake nilikuwa nausugua mimi. Siku za mwanzo alishika pistoni yangu moja kuishangaa, baada ya siku chache vidole vyake vyote vikatokea pale, na tulicheka sana. Tangu hapo hakuingia karakana. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, kama mtoto aliyeonywa dukani, akaniambia, "Ongea tu, mikono nimeifunga." Miaka na miaka. Chai yangu aliiweka kizingitini.

Sasa sikiliza kilichonitia baridi.

Gurudumu hili nililisugua mara ya mwisho nikiwa nimekaa pembeni ya kitanda chake. Ilikuwa Jumapili, baada ya ibada. Figo zilikuwa zimeshamshinda, miguu haikumbeba tena, hata kugeuka alisaidiwa. Nilikuwa nasugua ili niwe na cha kufanya huku nimekaa naye. Akalitazama, akasema anaiona taa ya dari ndani yake. Hakuligusa. Nililifuta mwenyewe, nikalipaka oili mwenyewe, nikaliviringisha, nikalifungia kabatini, na balbu ikiwaka. Ijumaa ya wiki ile ile akafariki.

Basi kidole hiki kimefikaje hapa?

Mimi ni mtu wa kanisa na ni mtu wa vipimo. Lakini leo asubuhi, peke yangu mle ndani, mvua inapiga bati, nimeogopa. Naandika kama ilivyokuwa. Kaburi lake liko hapo nyuma, mtu akichungulia dirishani analiona kati ya migomba. Nikachungulia. Udongo ulikuwa umelowa na maua ya plastiki yameangukia upande mmoja. Nikaona haya kwa kuchungulia. Halafu nikachungulia tena.

Niliita jina lake. Kwa sauti ndogo, lakini niliita.

Woga ulipopungua kikaja kitu kingine, kibaya zaidi. Kutu haisimami. Alama ile ikiachwa itaendelea kula, itatanuka, mistari itaungana, mwisho itakuwa doa tu kama madoa mengine. Nikisugua, imekwenda. Na picha za mke wangu ninazo, nguo zake ziko kabatini, lakini hiki ni kidole chake chenyewe. Nilikaa na lile gurudumu mapajani nikalia, na nilikuwa makini chozi lisilidondokee, maana machozi nayo ni chumvi.

Ipo njia ya mafundi wa zamani. Ukichemsha chuma chenye kutu kwenye maji safi, ile nyekundu inageuka nyeusi, na ile nyeusi haili tena, inakaa. Ikienda vizuri ningekuwa na kidole cha mke wangu, cheusi, siku zote. Ikienda vibaya kutu ingebanduka na maji na nisingepata kitu. Nikaona heri nijaribu. Nikakinga maji ya mvua, nikachukua sufuria yake ya wali, ndiyo pekee inayotosha, nikawasha jiko la mkaa kwenye baraza ya nyuma.

Maji yalikuwa yameanza kutoa mvuke aliposhuka shemeji yangu Atupele kutoka Suma, mdogo wake marehemu, kalowa chapachapa, na mkungu wa ndizi kichwani. Yeye ndiye aliyemuuguza dada yake zile wiki za mwisho, maana mimi mchana nilikuwa mizanini. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Akanisalimia Kinyakyusa, ugonile, akafurahi kuona nimewasha jiko, akauliza napika nini. Nikamwambia sipiki. Akachungulia sufuria, akaona maji matupu. Akanitazama kama mtu anayepanga kumpigia Lusajo simu.

Basi nikamwonyesha gurudumu.

Hakushtuka. Hilo ndilo lililonishangaza. Alilitazama, akaziba mdomo kwa kanga, mabega yakaanza kutikisika, na sikujua kama anacheka au analia. Nadhani vyote viwili.

"Kumbe imetoka," akasema. "Yeye alisema itatoka, mimi nikadhani ni homa."

Akanisimulia tukiwa tumekaa barazani. Ilikuwa siku mbili kabla ya mwisho, mimi nikiwa Kyimo. Dada yake alimwambia achukue ufunguo kwenye msumari, ampeleke karakana. Atupele alikataa. Akamwambia hawezi kusimama, atakwendaje? Dada akamwambia, si una mgongo? Basi akambeba. Akamfunga kwa kitenge kama mtoto, akavuka naye uani kwenye manyunyu.

"Alikuwa mwepesi, shemeji. Mwepesi mpaka niliona aibu."

Mle ndani alimwelekeza: fungua kabati, kile kitambaa cha juu. Alijua kila kitu kilipo, na alikuwa hajaingia miaka yote ile. Kusimama mlangoni kumbe kulikuwa ni kuangalia. Akaomba apewe lile gurudumu, akakaa nalo kule mgongoni, akasikika akilifuta oili. Akamrudishia kitambaa kimeshakunjwa. Halafu akamwambia azime balbu.

Nikamuuliza, alisema kwa nini?

Atupele alifuta uso kwa kanga, akasema polepole, kwa sauti ambayo ilikuwa karibu ya dada yake:

"Alisema, 'Namwachia cha kusugua. Asipokuwa na cha kusugua, huyu atalala kule nyumbani mpaka ashike kutu mwenyewe.'"

Mvua iliendelea.

Nilikuwa nimeogopa mzimu, kumbe ni utani. Utani wa mwisho, wa mtu aliyejua anakwenda, na akajua mimi nitakuwaje. Niliwaza wiki zote hizi nilizokuwa nautazama ufunguo kwenye msumari na kuupita. Nilikasirika pia, lazima niseme. Angeniambia mimi ningembeba. Ningemkalisha juu ya benchi, ningemwacha aguse kila chuma nilichonacho.

Nikaipua sufuria. Yale maji Atupele akayatilia majani, tukanywa chai.

Alipokwenda jikoni kumenya ndizi nilirudi karakana na gurudumu. Nikalikaza kwenye jiliwa, nikachukua msasa laini kuliko yote na tone la oili. Nilikaa nimeshika ule msasa kwa muda. Kama angetaka niihifadhi angesema ihifadhi. Alisema sugua. Nikasugua. Ilianza kutoka pembeni, nyekundu ikiingia kwenye oili, mstari kwa mstari, ule mkato ukawa wa mwisho. Nimesugua huku naongea naye, na sitaandika hapa niliyomwambia.

Nilipofuta, chuma kilikuwa cheupe. Lakini nikikielekeza dirishani, pale katikati kuna kivuli cha kijivu. Kutu ilikuwa imeshauma kidogo. Ukipitisha ukucha unasikia. Ningeweza kukata kwa tupa nikakimaliza. Nimekiacha.

Halafu kuna hili, ambalo ndilo limenirudisha kuandika jioni hii kabla hakujaingia giza.

Kabla Atupele hajaondoka nilimuuliza kama dada yake aligusa kingine chochote. Akafikiri. Akasema walikaa mle muda mrefu, kwamba dada alimwambia asogee huku, asogee kule, karibu na rafu, karibu na mashine, karibu na droo za tupa. Alikuwa anajinyoosha, akitulia, akijinyoosha tena.

"Lakini mimi nilikuwa mbele, shemeji, yeye mgongoni. Mikono yake sikuiona."

Baada ya hapo nimekagua kila kitu. Rafu, droo, pistoni, tupa moja moja. Hakuna alama. Nilivipaka oili vizuri mno, mjinga mimi, na oili inachelewesha kutu.

Mvua haijakatika, na wanasema itakuwa hivi wiki nzima. Nimefungua dirisha la karakana, unyevu unaingia na harufu ya migomba na udongo. Nimechukua kitambaa nikafuta oili kwenye kila chuma nilicho nacho, kazi ya miaka yangu yote, nikakiacha kitupu.

Kisha nimezima balbu.