Maneno Mawili ya Mama

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini ndege imekufikisha nyumbani salama na miguu imeacha kuvimba. Mimi mzima, namshukuru Mungu.

Wakati wa kukusindikiza sikutaka tugombane, lakini jambo limenikaa rohoni. Siku ile kliniki, nesi alipouliza unaishije kwangu, kwa nini hukuniacha nitafsiri kama siku zote? Ukamjibu mwenyewe, "I am lonely." Basi juzi afisa wa ustawi wa jamii kanifuata mpaka kiwandani. Nimesimama na aproni, unga mpaka kwenye nyusi, wenzangu wameacha kukanda mikate wanatega masikio, naulizwa kama mama yangu alikuwa na mtu wa kuzungumza naye! Nilitamani ardhi inimeze. Nikajichekesha kama nilivyofanya mbele ya nesi, nikamwambia, "Ni Kiingereza tu kilimponyoka. Alitaka kusema alone."

Sikiliza, mama. Alone ni mtu aliye peke yake, na anaweza kuwa anakunywa chai yake kwa raha zake. Lonely ni mpweke, moyo umekosa watu, hata nyumba ikijaa. Wewe mchana ulikuwa alone, basi. Hilo lingine limenifanya nionekane nimemtelekeza mzazi.

Mwanao, kitinda mimba

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba, baba. Miguu haijambo. Dada yako anakusalimu, na wanawe wanapigania ile kofia uliyowaletea.

Nisamehe. Ulimi hauna mfupa. Sikukusudia uaibike mbele ya watu wa kazini kwako. Haitatokea tena. Jitahidi kula.

Mama yako

28 Juni

Mama,

Shikamoo. Najua nimekaa kimya mno. Habari za afya?

Jana kwenye ngazi nimekutana na yule msusi wa ghorofa ya chini, ambaye siku nyingine ulikuwa unashuka kukaa saluni kwake. Nikamsimulia kisa cha kliniki, nikitegemea tucheke. Hakucheka. Anasema siku chache kabla ulimuuliza maneno hayo mawili yanatofautianaje, akakueleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza mpaka ukaelewa.

Nikapanda juu, nikakaa kwenye kitanda chako. Dirisha lile linatazama ukuta, mama. Miezi yote uliyokaa, sikuwahi kuchungulia nione ulikuwa unaona nini.

Niambie kweli. Ulijua?

Mwanao

15 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, ila kikohozi cha dada yako ndicho hakijaaga.

Nilijua.

Kila uliponitafsiria ulinipunguza. Nikisema siku haziishi, wewe unamwambia daktari nalala vizuri. Siku ile nilitaka neno langu lifike lenyewe. Na kwa lugha yetu nisingethubutu. Nikwambie wewe, unayerudi umechoka hata viatu huvui, kwamba kwako ni mpweke? Kwetu neno hilo lina meno. Nikadhani kwa lugha ya watu litakuwa jepesi, litapita bila kukuuma. Wewe ukalicheka hapohapo, mbele ya nesi, nami nikainamisha uso kama niliyekamatwa na kitu cha wizi. Barua yako ilipokuja kunifundisha maana yake, niliikunja haraka dada yako asiisome. Nikakuomba radhi, yaishe.

Sikulaumu. Ila nikuulize. Jioni ukishafunga mlango, umekaa na sahani yako na hakuna wa kumwambia "karibu", wewe ni lipi kati ya hayo mawili?

Mama yako

2 Agosti

Mama,

Shikamoo. Dada apone haraka.

La pili, mama. Lonely.

Nimeandika karatasi nzima ya kujitetea, nikaichana. Nikaandika nyingine, hiyo nayo ikaenda. Ni miaka nawaambia huko kwamba nina marafiki tele. Kumbe hata msusi, mtu wa ngazi moja chini yangu, nimeongea naye kwa mara ya kwanza siku ile, na mazungumzo yenyewe nilikuwa nakucheka wewe.

Nimeomba likizo, nimepewa. Nakuja mwezi ujao. Naona haya hata nikifikiria nitakavyokaa mbele yako. Ukiniona nababaika, anza wewe kusema. Sema yote, hata yenye meno. Mimi nitanyamaza nisikilize.

Mwanao