Kofia ya Sikio la Kushoto

Jacob mwanangu,

Hatujambo, na migomba imebeba vizuri.

Jana kikundi chetu cha kufuma kilikutana parokiani, kila mama akaweka kazi yake mezani. Hilda, mgeni wetu, alileta kofia aliyonunua mtumbani Moshi, tumfundishe kuiiga. Wenzangu wakacheka: upande wa sikio la kushoto ni mrefu, fundi kakosea.

Jacob, ule urefu niliuongeza mimi, kwa ajili ya sikio lako bovu, ulipoanza kubeba mizigo ya watalii mlimani.

Sasa sielewi. Uliibiwa? Umeacha kazi? Simu yako wiki ya tatu haipatikani. Kaka yako Martin anakutafuta na barua hii.

Kama uliiuza, sitakasirika. Niambie tu kwamba uliiuza mwenyewe.

Mama yako,
Flavia