Benjo ya Keziah Uvunguni

Odessa rafiki yangu, kabla hakujakucha nimesikia kikombe kikigonga sinki. Mjukuu wangu Keziah hajalala.

Jana kazini kwake, kwenye kampuni ya muziki, uongozi wa idara ya muziki wa kantri wamempa kijana aliyefundishwa kazi na Keziah mwenyewe. Keziah wakamwambia, "Wewe nenda idara ya rap, ukae na watu wako."

Watu wako! Miaka kumi na miwili anawatafutia waimbaji wa kantri hapa Nashville!

Akawajibu, "Watu wangu Weusi ndio walioleta benjo, hiyo ala ya nyuzi ya kantri, kutoka Afrika." Wakacheka. Akaacha kazi. Bawabu, mzee Mzungu, ndiye pekee aliyembebea sanduku la vitu vyake hadi kwenye gari. Mungu ambariki.

Nimechoka, mwenzangu. Ni yale yale ya enzi zetu.

Benjo uliyomfundishia ameisukuma uvunguni. Lakini sasa hivi ameniuliza, "Bibi, Bibi Odessa atakuja lini tena?"